Utafiti wako wa kwanza wa kilimo cha bustani: kutoka swali hadi ripoti

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika kilimo cha bustani hufikia siku akaambiwa: tafuta mada, fanya utafiti, andika ripoti. Muda anaopewa huwa muhula mmoja au miwili, na mmea nao una ratiba yake, haujui mitihani inaanza lini. Nimepita njia hiyo mwenyewe, na baadaye nimekaa na wanafunzi wengi wakiipita. Kazi nyingi nilizoona zikiharibika hazikuharibiwa na ukame wala wadudu. Ziliharibika mezani, kabla mbegu haijagusa udongo: swali lilikuwa kubwa mno, au vyungu vilipangwa vibaya, au hakuna aliyewaza takwimu mpaka wiki ya mwisho. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo ya mwanzo na kupita haraka kwenye mengine.

Nitatumia mfano mmoja karibu kote: nyanya zinazooza kitako. Tunda likiwa bado bichi, upande wa chini, mkabala na kikonyo, hutokea doa la majimaji. Doa linakuwa jeusi, linadidimia, linakauka kama ngozi. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Chanzo ni tunda kukosa kalsiamu ya kutosha, na mara nyingi kalsiamu imo tele udongoni. Kinachopungua ni maji ya kuibeba bila kukatika katika siku zile tunda linapokua kwa kasi.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kuchagua zao

Chukua kalenda, weka alama kwenye siku ya kukabidhi ripoti, kisha rudi nyuma. Toa wiki nne za kuandika. Toa wiki mbili za kuchambua data. Toa wiki mbili nyingine kwa ajili ya mbegu kugoma kuota na wewe kusia upya, maana hilo hutokea. Kinachobaki ndicho umri wa jaribio lako.

Sasa linganisha na zao. Figili huvunwa siku 25 hadi 30 baada ya kupandwa. Saladi ya majani huhitaji kama miezi miwili. Nyanya, tangu kusia mbegu hadi matunda ya kwanza kuiva, ni miezi mitatu hadi minne. Mti wa matunda uliooteshwa kwa mbegu utazaa wewe ukiwa umekwisha kuhitimu. Anayependa miti ya matunda asikate tamaa: anaweza kufanya kazi kwenye miti iliyokwisha kukomaa, kwenye matunda baada ya kuvunwa (hupoteza uzito kiasi gani kwa siku, huiva kwa kasi gani kwenye joto tofauti), au kwenye uotaji wa mbegu na ubebeshaji wa miche.

Na usidharau kazi ya mbegu kwenye visahani. Mwaka 1952 Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao wa Beltsville, Marekani, walionyesha kwamba mbegu za saladi zikimulikwa kwa mwanga mwekundu huota. Zikimulikwa baada yake kwa mwekundu wa mbali, yaani ule ulio ukingoni mwa mwanga tunaouona, hukataa. Zikirudishiwa mwekundu, huota tena. Mwanga wa mwisho ndio uliokuwa na neno. Kwa mbegu hizo ndogo njia ikafunguka ya kuijua fitokromu, kipokezi ambacho mmea hutumia kutambua mwanga. Jaribio la namna hiyo mwanafunzi anaweza kulimaliza kwa wiki moja, akipata aina ya saladi ambayo mbegu zake zinataka mwanga ili ziote.

Hatua ya 2: Punguza swali mpaka lijibike

"Athari za umwagiliaji kwa nyanya" ni mada, bado si swali. Swali hutaja mambo manne: zao gani, unabadilisha nini, unapima nini, unalinganisha na nini. Kwa mfano wetu: nyanya za kwenye vyungu zikipewa jumla ileile ya maji, je, kumwagilia mara chache kunaongeza matunda yanayooza kitako kuliko kumwagilia kila siku?

Tazama maneno "jumla ileile ya maji". Mwanafunzi mwenye haraka atakipa chungu kimoja nusu lita kila siku, na kingine nusu lita kila siku ya nne. Matunda ya kile cha pili yakioza, yameoza kwa sababu ya maji kuwa machache au kwa sababu ya kuyasubiri? Hatajua kamwe, kwa kuwa amebadilisha mambo mawili kwa mpigo. Njia iliyonyooka ni hii: kila siku nusu lita, kila siku ya pili lita 1, kila siku ya tatu lita 1.5, kila siku ya nne lita 2. Piga hesabu ya siku 12 na utaona kila chungu kimepata lita 6. Sasa kinachotofautiana ni kimoja tu, na mmea una nafasi ya kukujibu.

Swali likikaa sawa, andika chini yake nadharia tete yako kwa sentensi moja, na chini ya hiyo uandike kwa nini unaamini hivyo. Ile "kwa nini" ndiyo yenye uzito. Ukishindwa kuiandika, rudi kusoma kabla ya kwenda shambani.

Hatua ya 3: Nenda kwa watu ukiwa na karatasi mkononi

Msimamizi ana wanafunzi wengi na muda mchache. Ukimwendea na "naomba mada", atakupa iliyo karibu naye, na huenda isiwe unayoipenda. Ukimwendea na ukurasa mmoja wenye swali, sababu, mchoro wa mpangilio na orodha ya vifaa, mazungumzo yanabadilika kabisa. Ujumbe wa kuomba kuonana unatosha kuwa hivi:

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kilimo cha bustani. Nimeandaa swali la utafiti kuhusu kuoza kitako kwa nyanya, pamoja na mpango wa vyungu 60. Nimeambatanisha ukurasa mmoja. Naomba nusu saa wiki hii unionyeshe palipo na udhaifu. Nina nafasi Jumanne na Alhamisi mchana."

Mtu wa pili wa kumwendea ni yule anayetunza kitalu au shamba la majaribio kila siku. Wanafunzi wengi humpita wakienda kwa maprofesa, na hapo ndipo wanapokosea. Yeye ndiye anayejua ni kona ipi paa linavuja, meza ipi inapata kivuli saa tisa, bomba lipi linapoteza nguvu watu wakiwa wengi, na wiki gani inzi weupe huanza kuingia. Mwulize haya kabla hujachora mpangilio wako. Mweleze pia unachofanya na kwa nini baadhi ya vyungu vyako havimwagiliwi kila siku, la sivyo siku utakayokosekana atavionea huruma na kuvimwagilia vyote. Namwona bado mwanafunzi mmoja amesimama mbele ya vyungu vyake vikiwa vimelowa sawasawa, jaribio la wiki saba limekwisha, na aliyevimwagilia alidhani anamsaidia.

Uliza mapema pia kuhusu vibali. Ukitaka watu waonje matunda na kutoa maoni yao, chuo kitahitaji kamati ya maadili ipitie mpango wako. Ukitaka kuingiza mbegu au vipandikizi kutoka nchi nyingine, kuna cheti cha afya ya mimea. Mambo haya huchukua wiki nyingi.

Hatua ya 4: Soma kama fundi

Majarida ya fani hii si haba: Shirika la Kimataifa la Sayansi ya Kilimo cha Bustani, lililoanzishwa 1959, huchapisha Acta Horticulturae, yapo pia HortScience na Scientia Horticulturae. Ukisoma makala, anzia kwenye majedwali na grafu, kisha nenda sehemu ya mbinu. Chungu chao kilikuwa cha ukubwa gani? Walirudia mara ngapi? Tunda walilihesabu limeoza likiwa na doa la kiasi gani? Walipima lini? Andika majibu kwenye jedwali lako, makala moja mstari mmoja. Makala kumi na tano zikisomwa hivi zitakupa zaidi ya hamsini zilizosomwa ikisiri tu, na jedwali hilo litakuwa nusu ya sura yako ya pili, ile ya mapitio ya maandiko.

Hatua ya 5: Panga vyungu kana kwamba kitalu kinataka kukudanganya

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Hakuna kitalu chenye hali moja kila mahali. Upande wa mlango una upepo, upande wa feni una ubaridi, meza ya katikati ina joto. Shambani kuna mteremko, kuna mahali samadi ilirundikwa zamani. Ukiweka vyungu vyote vya "kila siku" karibu na mlango na vyote vya "siku ya nne" upande wa pili, utapima mlango ukidhani unapima maji.

Dawa yake ina vipande vitatu: kurudia, kugawa kwenye bloku, na kupiga kura. Mpangilio huu uliwekwa sawa na Ronald Fisher, aliyeajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, kushughulikia rundo la data za majaribio yaliyoanza huko tangu 1843. Mpaka leo ndio tunaoutumia.

Bloku ni eneo ambalo ndani yake hali inakaribiana. Kama joto linabadilika kutoka mlangoni kwenda ndani, basi kila meza inayokatiza njia hiyo iwe bloku moja, na kila bloku ibebe njia zote nne za kumwagilia. Hivyo joto la meza likiwa kubwa, linazigusa njia zote nne kwa pamoja na ulinganisho unabaki wa haki. Ndani ya bloku, nani akae wapi? Hapo macho yako hayaaminiki. Andika A, B, C, D kwenye vikaratasi, vikunje, vichanganye kwenye bakuli, uchote. Rudia kwa kila bloku upya. Usinakili mpangilio wa bloku ya kwanza kwenye ya pili, na usirekebishe kura kwa sababu "inaonekana haijachanganyika vizuri".

Bloku ngapi? Njia nne zikiwa kwenye bloku tatu, digrii za uhuru za kosa, yaani kiasi cha taarifa kinachobaki cha kukadiria tofauti za bahati, ni (4 − 1) × (3 − 1), yaani 6. Hiyo ni chache; tofauti ya kweli inaweza kukupita usiione. Zikiwa bloku tano unapata 12, na wengi wanaofanya majaribio ya kilimo huchukua 12 kama kiwango cha chini cha kuwaridhisha. Kwa hiyo: njia 4, bloku 5, ploti 20 (ploti ni kundi la vyungu vya njia moja ndani ya bloku moja), vyungu 3 kwa ploti, jumla vyungu 60. Ongeza safu ya vyungu vya pembeni kuzunguka eneo lote, ambavyo hutavipima, kwa kuwa mmea wa pembeni hupata mwanga na upepo zaidi ya wenzake.

Sasa lile kosa ambalo nimeliona zaidi ya jingine lolote. Vile vyungu vitatu ndani ya ploti moja si marudio matatu. Vimekaa pamoja, vimemwagiliwa pamoja, kivuli kimoja kimevipitia. Rudio ni ploti. Wastani wa vyungu vitatu ndio namba moja unayoipeleka kwenye uchambuzi, kwa hiyo una namba 20, wala si 60. Mfano mkali zaidi: mwanafunzi ana vyumba viwili, kimoja cha nyuzi 20 na kingine cha nyuzi 28, kila kimoja kina mimea 50. Anadhani ana marudio 50. Anayo moja, kwa sababu joto limewekwa kwenye chumba, si kwenye mmea, na vyumba hivyo viwili vinaweza kutofautiana kwa mambo mengine kumi. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika makala nzima kuhusu marudio haya ya uongo, na bado yanapita mikononi mwa watu wazima wa fani. Jiulize kila mara: ile njia ninayoilinganisha nimeiweka juu ya nini? Juu ya mche, trei, meza au chumba? Hicho ndicho cha kuhesabu.

Kabla ya kupanda, tengeneza jedwali la data za uongo, namba 20 za kubuni, uziingize kwenye programu ya takwimu na uendeshe uchambuzi wa variansi, hesabu inayopima kama tofauti kati ya njia inazidi ile ya bahati, mpaka mwisho. R haina malipo na inafaa kabisa kwa kazi hii. Uchambuzi ukikwama, umekwama leo, wakati bado unaweza kuhamisha vyungu. Ukishaelewa njia, futa faili hilo lisije likachanganyika na data halisi.

Hatua ya 6: Jaribio dogo la wiki mbili

Chukua vyungu vinne, mche mmoja mmoja, uendeshe kila kitu kama utakavyofanya. Kwa mfano wetu utagundua jambo ambalo karatasi haikukuambia. Ukimimina lita 2 kwa mara moja kwenye chungu kidogo, sehemu ya maji hutoka chini, na huondoka na mbolea. Kumbe "jumla ileile" imevunjika: chungu cha siku ya nne kimepokea lita 2 lakini kimebaki na pungufu. Hapo unachagua: chungu kikubwa zaidi, au kumimina taratibu kwa awamu mbili, au kuweka sahani chini na kuyarudisha maji yaliyotoka. Vyovyote utakavyochagua, iwe sawa kwa vyungu vyote na iandikwe.

Kama kazi yako ni ya mbegu, jaribio dogo lianze kwa kupima uotaji. Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Upimaji Mbegu, kilichoundwa 1924, hutumia mbegu 400 katika marudio 4 ya mbegu 100. Wewe kwa jaribio la awali unaweza kutumia chache, ila ujue hali ya mbegu zako kabla ya kulaumu udongo.

Hatua ya 7: Kupima, na daftari

Andika maana ya kila kipimo kabla ya siku ya kwanza ya kupima. "Tunda lililooza kitako" ni lipi? Weka kanuni yako, kwa mfano doa lenye upana wa milimita 5 au zaidi, na usiibadilishe katikati. Urefu wa mche unapimwa toka usawa wa udongo hadi wapi, ncha ya jani au kikonyo cha juu? Uzito mkavu: kausha kwenye oveni kwa nyuzi 70 kwa siku mbili, pima, rudisha, pima tena, uzito ukiacha kushuka ndipo umekauka. Rifraktomita ya kupimia utamu wa maji ya tunda uisafishe na kuisawazisha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke hadi isome sifuri, na uifute baina ya matunda, la sivyo tunda la pili litabeba sukari ya la kwanza.

Ukisaidiwa na mwenzako, msigawane njia za kumwagilia. Gawaneni bloku: mmoja apime bloku nzima ya kwanza na ya pili, mwingine nyingine. Kila mtu ana mkono wake, na tofauti ya mikono yenu ikiangukia kwenye bloku, uchambuzi utaitenga. Ikiangukia kwenye njia za kumwagilia, itajifanya ni matokeo. Na kama inawezekana, anayehesabu matunda yaliyooza asijue chungu ni cha njia gani. Weka namba tu kwenye kibao.

Kuhusu vibao: andika kwa penseli. Mimi niliandika vya kwangu kwa kalamu ya wino mzito iliyosemwa haifutiki. Wiki ya tano jua lilikuwa limekwisha kuyala maandishi ya upande wote wa magharibi, na vyungu kumi na viwili nikavitambua kwa kubahatisha kutoka kwenye picha. Sikuweza kuvitumia. Penseli juu ya kibao cha plastiki chenye uso mkwaruzo hudumu msimu mzima. Chora pia ramani ya vyungu, nakala moja kwenye daftari, moja kwenye simu, moja ukutani chumbani kwako.

Daftari liwe moja, lenye kurasa zilizoshonwa. Kila siku: tarehe, saa, joto la juu na la chini, nani alimwagilia, kiasi gani, nini si cha kawaida. Ukikosea, piga mstari mmoja juu yake ili kilichoandikwa bado kisomeke. Ukurasa mmoja wa kawaida husomeka hivi: "Siku ya 41. Saa 1:20 asubuhi. Joto 17 hadi 31. Bloku 3, ploti C: chungu cha kati kimeinama, udongo umelowa kuliko wenzake, tundu la chini limezibwa na mzizi. Nimelizibua. Vidukari vichache bloku 5, bado sijapulizia."

Mstari kama huo wa tundu lililozibwa unaweza kuokoa sura nzima miezi miwili baadaye, pale namba moja itakapokataa kukaa na wenzake. Mambo yasiyo ya kawaida yana thamani kuliko tunavyodhani. Dimitri Neljubow, mwanafunzi huko Saint Petersburg, aliona miche yake ya njegere iliyooteshwa ndani ya maabara ikiwa mifupi, minene, na imelala kando badala ya kusimama. Angeweza kuitupa. Aliifuatilia, na mwaka 1901 akaonyesha kwamba sababu ilikuwa ethilini iliyokuwa kwenye gesi ya taa za maabara. Ethilini hiyohiyo ndiyo leo tunayoizungumza kila tunapozungumzia kuiva kwa ndizi na nyanya.

Data zote ziingie kwenye lahajedwali siku ileile zilipokusanywa. Mstari mmoja kwa chungu kimoja kwa tarehe moja. Safu za bloku, ploti, njia, chungu, tarehe, kipimo. Chungu kilichokufa kiachwe wazi, kisiandikwe 0. Sifuri maana yake nilihesabu sikuona. Wazi maana yake sikuwa na cha kuhesabu. Nimewahi kuona wastani ukiporomoka kwa nusu kwa sababu ya kosa hilo tu.

Hatua ya 8: Uchambuzi

Kama ulifanya zoezi la data za uongo, hapa kazi ni nyepesi. Kwanza chora: nukta 20 kwenye grafu, njia nne kwa mlalo. Angalia kwa macho kabla ya kuhesabu. Halafu wastani wa ploti, halafu uchambuzi wa variansi ukiwa na bloku na njia. Kagua mabaki, yaani tofauti kati ya kila namba na ile iliyokadiriwa na uchambuzi, kama yametawanyika sawasawa. Matunda yaliyooza ni hesabu kati ya hesabu, kwa mfano 3 kati ya 22, na ploti za kumwagilia kila siku zinaweza kuwa na sifuri nyingi. Hapo modeli ya binomia, ile ya mambo yenye majibu mawili tu kama limeoza au halijaoza, inafaa kuliko uchambuzi wa kawaida. Mwombe mtu wa takwimu muikague pamoja.

Njia zako nne zikiwa na mpangilio wa asili, yaani siku 1, 2, 3, 4, chora mstari kuonyesha jinsi uozo unavyopanda kadiri siku zinavyoongezeka. Watu wengi hukimbilia kulinganisha kila jozi na kubandika herufi a, b, c juu ya nguzo za grafu, wakati swali lenyewe lilikuwa la mwelekeo. Na thamani ya P isikufunge macho. Inakuambia ni kwa kiasi gani bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kama hiyo. Haikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Andika ukubwa wake: matunda mangapi kwa mche, gramu ngapi.

Usipopata tofauti, usiitafute kwa kuondoa ploti zinazokuudhi. Ploti huondolewa kwa sababu iliyomo kwenye daftari, iliyoandikwa kabla hujaona matokeo.

Hatua ya 9: Kuandika

Anza na sura ya mbinu, na uianze wiki unayopanda, wakati bado unakumbuka udongo ulichanganya kwa uwiano gani. Kisha majedwali na grafu, kisha maelezo yake, kisha mjadala. Utangulizi na ikisiri viandikwe mwisho. Kila jedwali lisomeke peke yake: zao, idadi ya marudio, vipimo, maana ya alama. Jina la aina ya mbegu liandikwe kamili, na jina la kisayansi mara ya kwanza, *Solanum lycopersicum*, kwa mlazo.

Kwenye mjadala, jibu swali lako kwa sentensi ya kwanza. Halafu eleza ni kitu gani ndani ya mmea kinaweza kuwa kimesababisha, na useme wazi ni kipi ulikipima na kipi unakikisia. Hukupima kalsiamu ndani ya tunda? Basi huwezi kusema imepungua. Unaweza kusema matokeo yanaendana na maelezo hayo. Tofauti hii ndogo ya maneno mtahini huiona haraka sana. Maneno ya mtu mwingine yaandike upya kwa lugha yako na umtaje, hata kama ni sentensi moja tu.

Siku ya kuwasilisha, dakika kumi zinatosha swali, mpangilio, grafu moja au mbili, na jibu. Leta ile ramani ya vyungu. Karibu kila jopo huuliza kuhusu marudio, na kuonyesha ramani ni haraka kuliko kueleza.

Baada ya ripoti

Weka kwenye folda moja data ghafi zisizoguswa, data zilizosafishwa, msimbo wa uchambuzi, picha za daftari, ramani, na faili fupi inayoeleza kila safu ina maana gani na kipimo chake. Nakala moja kwa msimamizi, moja kwako, mahali pawili tofauti. Vyungu vioshwe na kurudishwa, mabaki ya mimea yenye wadudu yafungwe na kuondolewa. Mbegu zilizobaki zitie kwenye bahasha ya karatasi, kwenye chombo kikavu kinachofungika, mahali pa baridi, na juu yake uandike kwa penseli jina la aina, mwaka, asilimia ya uotaji uliyoipata, na tarehe uliyoipima. Mwanafunzi wa mwaka ujao atafungua droo hiyo akitafuta pa kuanzia.